Picha za Birere: diski imeanza kugonga

Jumatatu, usiku

Mdogo wangu ndiye aliyesikia kwanza: "Yaya, mashini yako iko nagonga mulango." (Yaya ni mkubwa wake, yaani mimi.) Tek-tek-tek, kimya, tek tena. Ni ile diski ya nje yenye picha 2,140 nilizoskani tangu mwaka jana: albamu za majirani wa mtaa wetu wa Birere zilizoponea lava ya volkano Nyiragongo, Januari 17, 2002, pamoja na nyingine tulizoazima kwa ndugu wa Bukavu na Uvira kwa sababu za hapa Goma ziliungua. Nakala ya pili ninayo nusu tu, kwenye kle (flashi ya USB). Naandika haya kwa aibu.

Jumanne

Nimeisoma kwa smartctl, programu inayoonyesha afya ya diski. Sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizohamishwa: 48. Zinazosubiri: 112. Zile 48 hazinitishi sana, maana kila diski ina sekta za akiba na huhamishia huko zilizochoka. Zinazosubiri ndizo mbaya: diski imejaribu kuzisoma ikashindwa.

Fundi mmoja ameniambia niilaze kwenye friza. Ikitoka humo ipate umande juu ya sahani zake za ndani, zinazobeba data? Hapana. Mwingine alishashika bisibisi, afungue kifuniko palepale kando ya barabara, na vumbi letu jeusi linapepea. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu. Punje ya vumbi la lava mbele yake ni mlima. Nikachukua diski yangu, nikashukuru, nikaenda.

Jumatano hadi Ijumaa

Kosa nililotaka kufanya: kufungua picha mojamoja nione ipi ingali hai. Kila jaribio linaichosha diski inayokufa. Badala yake nimewasha Linux kutoka kwenye kle, diski nikaiacha bila kufungua faili zake (bila mount), nikaendesha ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenda kwenye diski mpya. Mzunguko wa kwanza kwa chaguo la -n, ichukue sehemu rahisi na kuruka zilizokwama. Wa pili kwa -r3, izirudie zile ngumu mara tatu. Umeme ulikatika mara tatu katika usiku wa pili, lakini ddrescue huandika ramani ya ilipofikia, nikaendelea bila kuanza upya. (Ramani iwekwe mahali pengine, si kwenye diski mgonjwa.)

Picha 31 zimepotea. Nilitegemea mia.

Jumapili

Nimetafuta mchawi. Nilikuwa na hakika ni vumbi. Lakini diski ya kawaida ina tundu la kupumulia lenye chujio; vumbi huziba feni, joto likapanda, haliingii ndani kirahisi. Nikarudi kwenye orodha ya smartctl, namba 192, inayohesabu mara ambazo umeme ulikatwa ghafla na vichwa vikalazimika kukimbilia maegeshoni: 1,906. Kwa miaka miwili na nusu! Umeme wa mtaa peke yake hauwezi kufika huko. Ni mimi, ninayechomoa waya bila kuiaga diski (eject), na laptop yangu ambayo batri yake ilikufa zamani, kwa hiyo kila umeme ukiondoka diski nayo inaanguka.

Nilikuwa nahesabu pesa za onduleri (UPS), ya kushikilia umeme ukikatika. Nimenunua batri ya laptop, bei chini sana. Diski sasa inakaa juu ya sponji mezani, na haihamishwi ikiwa inazunguka, hata kwa kusogeza kikombe cha chai.

Wiki iliyofuata

Nakala mbili ndani ya Goma nahesabu kama moja. Mei 22, 2021 volkano ilipotema, nilikimbia na mkoba mmoja, na kila faili niliyokuwa nayo ilikuwa humo. Basi diski ya tatu imepanda boti kwenda Bukavu kwa dada, imezimwa, imefungwa kwa kitenge ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Mama mdogo aliyeibeba alidhani ni samaki.

Nilituma pia orodha ya sha256, namba ya utambulisho ya kila faili, dada alinganishe faili zote. Jana usiku amejibu: "Yaya, zote sawa, ila mbili." Nimemtumia hizo mbili upya.

Katika zile 31, albamu za picha 19 zingali mtaani na nimeshaziskani tena. Zilizobaki 12 ni za ubatizo mmoja. Albamu ilikwenda Beni na binti wa mwenye nayo. Nimemwandikia, nasubiri.