Siku Moja ya Mratibu wa Madoido ya Picha

Saa mbili asubuhi ninafungua jedwali la shoti, yaani vipande vya filamu vinavyoongezewa madoido ya kompyuta, kabla ya barua pepe, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kila shoti iko mikononi mwa nani na imefikia toleo la ngapi. Wengi hudhani mratibu ni tarishi wa mafaili. Bila yeye, mhariri na wasanii wa madoido wangejikuta wanatengeneza filamu mbili tofauti. Hadi saa tano nimekwisha kukagua matoleo ya usiku na kurudisha mawili ambayo rangi zake hazikulingana na picha asilia.

Saa sita kasoro uliletwa mkato mpya, yaani filamu kama mhariri alivyoipanga upya. Uhariri ulitangazwa kufungwa wiki iliyopita, ila tangazo la namna hiyo huvunjwa kwanza na waliolitoa. Nilipolinganisha orodha mbili za mikato, nikaona shoti ya mwigizaji mbele ya pazia la kijani, ambalo baadaye huondolewa na kuwekwa mandhari nyingine, imerefushwa mwishoni kwa fremu 20, yaani picha moja moja zinazounda filamu.

"Ndugu yangu, hata sekunde moja haifiki," mhariri akaniambia.

Ni kweli, kwani tunatumia fremu 24 kwa sekunde. Lakini shoti hiyo ya fremu 72 ilikabidhiwa kwa wasanii ikiwa na akiba ya fremu 8 kila upande, kuanzia namba 1001 hadi 1088, na sasa ilitakiwa kufika 1100. Katika fremu 12 zilizoongezeka, hakuna aliyekuwa amezitenga nywele na kijani wala kufuatilia mwendo wa kamera, na moshi uliotengenezwa kwa kompyuta ulikoma kabla yake. Ilibidi picha asilia itolewe upya kwa namba zilezile, maana kazi ya awali ikisogea hata fremu moja, mipaka ya nywele huachwa nyuma na kichwa, na mtazamaji huliona hilo papo hapo.

Mchana wote uliishia hapo, na chakula sikumbuki nilikula saa ngapi. Nilimweleza mtayarishaji gharama, nikamzuia msanii asiondoke, kisha nikamwomba mhariri ajaribu kutosheka na zile 8 za akiba. Alijaribu, akakataa, na kwa kweli ile ndefu ilikuwa bora, kwa sababu mwigizaji anapata nafasi ya kumaliza kugeuka.

Toleo la 7 lilipokuja, moshi uliruka kwenye fremu ya 1089, palepale penye kiungo; nikalirudisha. La 8 lilipita usiku, nikaliingiza kwenye mkato, kisha nikamwandikia mhariri kumsihi asiiguse shoti hiyo mpaka wachanganyaji wa sauti wapate nakala yao.