Mwanangu alikuwa hashiki kijiko, kumbe shida ilianzia miguuni

Jana jioni binti yangu wa miaka minne, mwenye mtindio wa ubongo, alikula nusu bakuli ya uji kwa mkono wake mwenyewe. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu.

Kila akinyanyua kijiko, mwili mzima ulikuwa unakakamaa, anateleza kitini, uji unamwagika. Nilimminyisha mpira kila siku, nikamfungia kijiko kiganjani kwa kitambaa, nikanunua kijiko chepesi. Wapi.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo alipomwona anakula, mkono hakuushika kabisa. Aliinama akatazama chini ya meza: miguu inaning'inia. Akanieleza kwamba mtoto asiyekaa imara hutumia nguvu zake zote asianguke, mkono unakosa utulivu.

Tulianza na nyonga. Tulimsogeza nyuma mpaka makalio yakagusa egemeo, tukaviringisha khanga mbili tukazibana ubavuni, kulia na kushoto. Kisha kibao chini ya miguu, nyayo zilale bapa, magoti yakunjike kama pembe ya meza. Mwisho mpini wa kijiko tukaunenepesha kwa sponji.

Kibao ndicho kilichobadilisha mambo. Cha kwanza kilikuwa kifupi kidogo tu, akawa anakitafuta kwa ncha za vidole na mwili unakakamaa upya. Seremala akaongeza ubao mmoja. Pimeni kuanzia nyuma ya goti hadi kisigino, mtoto akiwa ameketi, na viatu anavyovaa akila; huo ndio umbali wa kutoka kiti hadi kibao. Akirefuka, pimeni tena.