Siku Cory aliposomwa Kayenze

Mwaka 1991 profesa mmoja wa anthropolojia alifika Kayenze, kando ya ziwa kaskazini mwa mji wa Mwanza, na kitabu cha Hans Cory cha sheria na mila za Wasukuma, kile cha 1953. Alitaka kukisoma mbele ya wazee, kifungu baada ya kifungu, asikie watasemaje. Mimi nilikuwa mkalimani. Kitabu ni cha Kiingereza, yeye anakigeuza Kiswahili, mimi nawapelekea wazee kwa Kisukuma, na jibu linarudi kwa njia ileile.

Cory alizaliwa Vienna 1889, jina lake Hans Koritschoner, akaja huku enzi za Mjerumani. Makala yake ya 1936 kuhusu ngoma ya sheitani bado ina jina hilo la zamani. Baadaye serikali ya Tanganyika ilimwajiri awe mtaalamu wake wa mambo ya jamii, na hapo ndipo kazi yake kubwa ilipo: sheria za Wahaya akishirikiana na M. M. Hartnoll mwaka 1945, utawala wa watemi, yaani machifu wa Kisukuma, sheria za Wasukuma, hata michoro ya ukutani ya bayeye, wale wacheza na nyoka. Sanamu za udongo za unyagoni alizokusanya ziko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, makaratasi yake yako maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani. Alifariki 1962 akiwa kwenye kazi ya kuunganisha sheria za mila za nchi, na mwaka 1963 sheria hizo zikatangazwa rasmi kwenye gazeti la serikali.

Kwa hiyo tulikuwa tunasoma kitu chenye meno. Februari 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya alikuwa ameamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza, mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kumzuia. Kanuni ya 20 ya urithi, katika sheria hizo za mila za 1963, ilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza. Jaji akaiona inapingana na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba, akasema mwanamke na mwanamume wa ukoo wana haki sawa. Profesa alitaka kujua kanuni za namna hiyo ziliingiaje kwenye maandishi toka mwanzo.

Cory alikuwa akiwakalisha watemi na wazee pamoja, anauliza jambo, wanabishana mpaka wanakubaliana, anaandika kifungu na kukipa namba. Kwa hakimu ni raha, anafungua tu namba yake. Kwa mtafiti ina kasoro mbili. Ukimuuliza mzee "mila inasemaje?" mbele ya mtu wa serikali, atakupa mila ilivyonyooka, siyo ilivyotendeka. Na waliokaa pale walikuwa wanaume.

Kabla ya kikao kulikuwa na barua. Barua ya utambulisho inapita mkoani, wilayani, kwa katibu tarafa, kata, ndipo kijijini, na kila ofisi inabaki na nakala yenye mhuri. Ukiruka ngazi moja, mwenyekiti wa kijiji hakuzuii, ila wazee siku hiyo wote "wamesafiri". Wazee walioitwa walikuwa sita, wa koo tofauti, mmoja aliwahi kuwa ng'wanangwa, mkuu wa kijiji chini ya mtemi, kabla utemi haujafutwa. Wakizidi hapo wanaongea wawili na wengine wanaitikia.

Redio kaseti iliwekwa juu ya kigoda, maikrofoni imefungwa kitambaa kwa sababu upepo wa ziwa ukiingia husikii kitu kingine. Kaseti ni za dakika 90, yaani 45 kila upande. Kwanza unataja tarehe, mahali na majina ya waliopo, ikijaa unavunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni ili mtu asirekodi muziki juu yake. Betri ziwe mpya. Zikichoka, mkanda unatembea polepole wakati wa kurekodi, halafu ukisikiliza kwa betri nzima wazee wanaongea kama vifaranga. Daftari linafunguliwa kurasa mbili: kushoto lililosemwa, kulia alilofikiri mwandishi. Na yote yanaandikwa upya usiku uleule, maana kesho yake mkato kama "mz. akakataa" haujulikani ni mzee gani.

Tukafika kwenye watoto. Kitabu kinasema, na wazee wakakubali kwa sauti moja: mtoto aliyezaliwa bila ng'ombe kutolewa ni wa upande wa mama, na baba akimtaka amkomboe kwa ng'ombe. Yule ng'wanangwa wa zamani akaongeza, "Hilo halina mjadala, mwalimu. Bila ng'ombe hakuna baba."

Profesa hakubisha. Aliomba mapumziko, akashuka mwaloni, pale ufukweni, walipokuwa akina mama wanaanika dagaa. Pale hakuuliza mila. Aliuliza, "Hapa kijijini, nani aligombania watoto, na ikaishaje?" Swali hilo huzaa majina, miaka na mali. Mama mmoja, bila kuacha kugeuza dagaa, akamtaja mvuvi ambaye hakuwahi kutoa hata ndama, mke akaondoka, na watoto wakabaki kwa baba.

Tuliporudi, profesa akakieleza kisa bila kutaja alikokipata. Wazee wakatazamana, yule ng'wanangwa akacheka. "Hiyo niliikata mimi."

Basi akaanza kueleza, na hapo ndipo kaseti ilipopata thamani yake. Yule mvuvi alikuwa amemchongea baba mkwe mtumbwi, akamvulia misimu mfululizo bila kudai fungu lake. Baraza liliuliza mtumbwi kama ule unauzwaje, likauhesabu kwa ng'ombe, likaongeza kazi ya nyavu, likaona mahari imefika. Huku mwambao, akasema, ng'ombe ni wachache na ndorobo walikuwepo, mkitaka wote walipe ng'ombe vijana wataoa wapi? Ila huko Cory alikowaita, waliokaa mbele walikuwa wenye mifugo.

Profesa akamwuliza kama alimweleza Cory hayo.

"Hakuuliza mtumbwi," mzee akajibu. "Aliuliza ng'ombe."

Upande wa pili wa kaseti ulijaa kesi tupu: mashamba ya mihogo yaliyogawanywa, mjane aliyekataa kurithiwa, deni la nyavu lililolipwa kwa binti. Kitabu hakikufunguliwa tena siku ile.