Nati za Fuso ya zamani zikigoma

Kabla ya kuruka juu ya spana, angalia upande. Kwenye Fuso za zamani zenye nati mbili kila studi (bolti inayoshika tairi), matairi ya kushoto hufunguka kwa kufuata mshale wa saa. Studi nyingi hukatwa na mtu anayekaza akidhani anafungua!

Tairi libaki chini, mawe pande zote. Safisha uzi wa studi kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, acha hadi asubuhi. Soketi ya milimita 41, bomba la mita moja: kaza kidogo kwanza, ndipo ufungue. Nati ya ndani ikitoka pamoja na ya nje, zitenganishe kwenye jiriwa. Moto wa gesi hapana, rimu ikichemka tairi linaweza kupasuka na kuua.