Hotspoti ya simu mpaka kwenye waya

Jamani, leo nina furaha!

Intaneti ya nyumbani imekatika tangu asubuhi. Kompyuta ya mezani haina Wi-Fi, inajua waya tu. Na mdogo wangu ana fomu ya chuo, mwisho leo.

Nikawasha hotspoti ya simu kwa masafa ya 2.4 GHz, maana ruta yetu ya zamani haioni 5 GHz. Nikaingia mipangilio ya ruta, nikachagua WISP (ruta inapokea intaneti kwa Wi-Fi, kisha inaigawa hadi kwenye waya), nikatafuta jina la simu, nikaweka nenosiri. Waya wa kutoka ruta hadi kompyuta sikuugusa.

Ile taa ya ruta, ya chungwa tangu asubuhi, ikageuka kijani.

"Dada, imefunguka!"

Fomu imeenda. Ila bando linaliwa mbio, zimeni kwanza apdeti za Windows.

Ruta zenu zina WISP? Hebu angalieni mniambie.