Namna nilijifunza kumwambia mutoto "mwaka huu hapana"

Mi ni mwalimu wa masomo ya musingi hapa Goma, na jioni nafundisha basketi, ekipe ya babinti ba chini ya miaka 16. Mwaka wa kwanza nilifanya testi ya kuchagua bachezaji vibaya na nikaumiza mutoto moja, njo maana naandika hii, juu najua kuko bakochi bengi banafanya vile nilikuwa nafanya.

Ile mwaka babinti 43 bakakuja. Ku karatasi ya machi unaandika bachezaji 12 tu, haipiti, kwa hiyo 31 batarudi kwao. Nilichagua jioni moja. Nikabakimbiza, nikaangalia nani iko murefu, nani anatupa mupira inaingia mu panie, kisha nikapiga firimbi, bote bakapanga mustari, nikasoma majina 12 kwa sauti ya nguvu. Nikamalizia: bale sijabasoma asante, mujaribu mwaka kesho. Nilikuwa naona ni muzuri hivo, mambo wazi, hakuna kujificha.

Mu bale 31 kulikuwa binti moja mufupi, alikuja na biatu bya yaya yake, bikubwa, alikuwa ametia bipande bya kitenge kule mbele juu bisimutoke. Kisha majina akaenda kukaa pa jiwe, ile mawe yetu nyeusi ya volkano, akavua, akatoa bile bipande kimoja kimoja, akakunja, akatia mu mufuko, akapangusa biatu na mukono juu akabirudishe safi. Hakulia. Akavaa sandali yake akaenda. Ata leo namuona.

Kisha juma mbili nikasikia aliacha basketi kabisa, ata ya ku masomo. Nikaenda kwao. Mama yake akanipa kiti, akamuita. Nikamuomba pole, akaitika vizuri, alafu akaniuliza: "Kochi, mi nilikosa nini?" Na sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemuangalia labda dakika mbili mu jioni nzima, sikuandika kitu, jina yake nililisoma tu ku liste. Nikatoa maneno ya mudomo, eti uendelee kufanya bidii. Akasema asante kochi. Nilirudi kwa miguu mupaka Katindo, ile swali inanifuata.

Na ata bale nilichagua, sikuchagua vizuri. Hapa kwetu urefu inafunga batu macho. Muchezaji Kuminga alizaliwa hapa Goma mu 2002, na mu 2021, usiku ile maekipe ya NBA, ligi kubwa ya basketi ya Amerika, inachagua bachezaji bapya, Golden State Warriors ikamuchukua namba 7, Biyombo wa Lubumbashi naye alichukuliwa namba 7 mu 2011, basi muzazi akiona binti yake amepita mama yake kwa urefu anaona njia imefunguka. Mi pia nilikuwa naona vile. Lakini ile usiku ya 2021 bachezaji 60 tu njo balichukuliwa mu dunia nzima, na binti wa miaka 12 mwenye iko murefu, mara mingi ni ule alianza kukomaa mbele ya benzake, kisha miaka mbili benzake banamufikia. Mu barefu nilichukua ile mwaka, batatu bakaacha kuja mbele ya mwezi wa pili kuisha. Hawakukuwa na hamu ya basketi, ni mi nilikuwa na hamu ya urefu yao.

Mwenye alinifungua akili ni yaya moja alicheza zamani, sasa anauza mafuta ya moto. Akaniambia: kochi, machi ni dakika ngapi? Nikasema 4 mara 10, 40. Bachezaji ngapi ku kiwanja? 10. Mupira ngapi? Moja. Basi gabula, kila mutoto anashika mupira karibu dakika 4, we unamuchagua juu ya zile 4, ile 36 ingine anafanyaka nini? Nikabaki nanyamaza. Ile hesabu njo ilibadilisha yote.

Mwaka wa pili nikafanya siku tatu. Kila binti namba ku mugongo, karatasi na skochi, juu sikutaka kuangalia jina wala mutoto wa nani. Nikamuita mwalimu mwenzangu mwenye hajui hata mutoto moja, yeye na kaye yake ya kuandikia, mi na yangu, hatuonyeshane mupaka siku ya tatu. Nikatafuta mipira namba 6, ile ya banamuke, juu mwaka wa kwanza nilikuwa nabachezesha na namba 7 ya banaume, mikono yao inateleza, alafu mi nasema hajui drible! Na kiwanja yetu ni ya changarawe ya volkano, inakula mupira, inakuwa laini sawa sabuni, na mupira ya vile haionyeshe mutoto anajua nini.

Siku ya kwanza mbio na pasi. Siku ya pili batatu kwa batatu, na hapa njo unaona batoto kweli, juu mu batatu hakuna pa kujificha. Siku ya tatu batano kwa batano. Mu kaye sikuandika panie ata moja. Niliandika: amepoteza mupira, amefanya nini sekunde tatu zenye zinafuata? Mwenzake amepitwa, amekuja kusaidia? Amekosa kutupa, amerudi mbio ao amesimama kushika kichwa? Namba 31, kabinti kadogo kalikuwa kanashinda kosa ku panie, lakini kila mara mupira ilipotea yeye njo wa kwanza kurudi, na alikuwa anaita benzake na mukono, "rudi, rudi, wa kushoto!" Mwaka wa kwanza singemuona. Tulipofungua makaye, mwenzangu naye alikuwa amemupigia mustari mbili.

Bazazi pia. Papa moja akanipigia, atanunulia ekipe mayo zote, nguo za kuchezea, kama binti yake anaingia. Na mayo tulikuwa tunazihitaji, zetu zilikuwa zimepasuka. Nikamujibu: Papa, asante, lakini nikipokea, binti yako hatajua kama aliingia na mikono yake ao na mayo. Akakata simu. Binti akaingia, juu kaye ilisema hivo. Mayo haikukuja, tulicheza na zile za zamani.

Kuambia batoto sasa. Sisomi tena majina. Naketi pembeni, banakuja moja moja, bote, bale banaingia na bale habaingie, mwenye iko pa mustari hajui mwenzake ameambiwa nini. Inakula jioni mbili. Naanza na jibu, sizunguke: mwaka huu hapana. Kisha kitu kimoja nilichoona na macho yangu, kile cha mu kaye, mufano "ukipita kushoto unarudisha mupira ku mukono wa kuume kila mara, mutu wa defansi amekwisha kujua". Kisha nanyamaza, juu mutoto iko na haki ya kuuliza. Bamoja banalia. Unakaa naye paka anamaliza. Na kila mwaka naomba bale sita ba karibu na 12 bakuje mazoezi yetu mara mbili kwa juma.

Mwenye alikuwa mugumu ni moja wa miaka 15, alikuwa anakuja testi kila mwaka, na mwaka kesho angekuwa amepita umri. Yeye huwezi mwambia ujaribu tena. Nilizunguka kiwanja mbele ya kumuita. Nikamwambia ukweli, ekipe hapana, na mu hii kategori hakuna mara ingine. Kisha nikamuonyesha kaye, mustari zake, siku ya pili yote alikuwa anajua hesabu ya pointi na ya makosa ya kila mutu bila mutu kumwambia. Nikamuuliza kama anaweza kujifunza kushika karatasi ya machi. Hakujibu ile jioni. Siku ya nne akafika ku mazoezi na biki mbili.

Testi ingine ni mu likizo kubwa. Skochi nimeshanunua, na safari hii kaye ya tatu iko kwake.