Nilivyoizoea "reponer" na maana zake za Kiingereza

Kihispania nilijifunza kupitia Kiingereza, kwa hiyo kila neno jipya lilinidai kazi mara mbili. Kitenzi kilichonidai zaidi ni reponer. Kamusi huanza na replace, halafu zinafuata restock, replenish, reinstate, recover, hata reply. Ukiyakariri hivyo, yanatawanyika.

Kilichonifungua ni kibarua. Nikiwa masomoni Valencia, Hispania, asubuhi nilifanya kazi supamaketi nikiwa reponedora, yaani mpanga bidhaa. Kabla mlango haujafunguliwa tunavuta maziwa kutoka stoo; pakiti mpya tunazisukuma nyuma ya shelfu, zinazokaribia kuisha muda tunazileta mbele ziuzwe kwanza. Msimamizi akisema "hay que reponer la leche", hakuna kilichoharibika. Maziwa yamenunuliwa, pengo limebaki, lijazwe. Kiingereza chake hapo ni restock. Ukisema replace, mtu atadhani maziwa yaliyopo yana kasoro.

Tangu hapo nikawa natazama kinachofuata kitenzi kabla ya kutafuta Kiingereza. Poner ni kuweka, re- ni tena. Basi najiuliza, ni nini kinachorudi mahali pake? Ukivunja glasi ya mwenye nyumba ukamnunulia nyingine, replace inakaa sawasawa. Ofisa aliyeachishwa kazi akirudishwa kwenye cheo chake, ni reinstate. Mgonjwa akipata nafuu, se repone, kwa Kiingereza recover. Kipindi cha zamani kikirushwa tena kwenye televisheni huitwa reposición. Waingereza husema repeat, Wamarekani rerun. Hapa Kiswahili kilinibeba kweli, kwa sababu sisi nasi twasema kurudisha nguvu na kumrudisha mtu kazini.

Repuesto pia inatoka humo humo: rueda de repuesto ni tairi la spea, spare wheel.

Kwenye riwaya utakutana na repuso baada ya maneno ya mhusika. Hiyo ni "akajibu", replied. Maana hii haitumiki katika wakati uliopo. Husemi repongo ukitaka kusema "najibu".

Ila mahali nilipofurahi kuwa nimeielewa ni kwenye barua. Mama mmoja wa Mombasa, jirani yangu, alipata uamuzi wa ofisi ya serikali ya Hispania asioridhika nao. Chini kabisa waliandika kwamba anaweza kuwasilisha recurso de reposición. "Mwanangu, hii ndiyo nini? Kijana wangu yuko Uingereza, ataka nimwandikie kwa Kiingereza." Replacement isingekuwa na maana yoyote pale. Nikamweleza: "Mama, ni rufaa, lakini haiendi kwa mkubwa mwingine. Inarudi kwa wale wale waliotoa uamuzi, waupitie upya." Kwa kijana tukaandika appeal for reconsideration. Nikamwonyesha na muda wake: mwezi mmoja tangu siku ya kupokea taarifa, kwa uamuzi ulioandikwa kama ule. Tena kwa kawaida si lazima. Akitaka anaweza kuiruka akaenda mahakamani moja kwa moja. Akasema mahakamani kuna gharama, tuanze na hii. Nikachukua kalamu, tukaanza kupanga sababu zake.